Kiti cha Tano na Mutobe Nisiouonja

Mimi nilikuwa wa sita. Watu wa karitiye yetu, yaani mtaa wetu, hapa Muyinga walichagua baraza lao, watu watano kama sheria inavyotaka, na mimi nikaja wa sita, nimeachwa kwa kura tatu. Kura tatu ni nini? Ni mtu na mkewe na mama mkwe wake. Ningekwenda siku ile kwa yule mama anayeuza ndagala, wale dagaa, pale njia panda, nikamwambia pole ya mguu, labda ningekuwa wa tano. Sikwenda, kwa sababu tulikuwa tumegombana juu ya sufuria. Sufuria yenyewe niliipata baadaye chini ya kitanda changu. Tuyaache.

Tangu siku ile watu wakaniita spea. Nikipita sokoni wanapiga kelele, "Spea, tairi bado nzima?" Nami nawajibu, "Spea haiombei tairi pancha." Tunacheka, kila mtu anakwenda zake. Sikujua kwamba kicheko hicho kitanirudia kikiwa na meno.

Mkubwa wa wale watano, tunayemwita shefu wa karitiye, alikuwa jirani yangu. Nikisema jirani nimepunguza. Ngoja nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Nilizaliwa hapa lakini nikakulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Shule niliishia darasa la tatu, maana kulikuwa na mihogo ya kulima na wadogo wa kubeba mgongoni. Niliporudi nilivuka mpaka pale Kobero na godoro, jembe, na kuku mmoja ambaye watu wa forodha walimtazama kuliko walivyonitazama mimi. Marehemu baba alikuwa amenionyesha uwanja wetu kwa maneno tu. Alikuwa anasema, kisima utakiacha kushoto, utashuka mteremko, utaona jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Basi nikayafuata maneno ya baba mpaka yakanifikisha. Jiwe lilikuwepo, limelala vilevile. Na karibu na jiwe palikuwa na nyumba, na mbele ya nyumba mwanamke anachambua maharage. Alinitazama mimi, akatazama godoro, akajua.

 Aliita tu, "Baba watoto, toka. Wamefika."

Mume wake, ndiye huyo shefu wa baadaye, alikuwa mwashi. Wengine waliorudi wakati ule walikwenda mahakamani, wengine mpaka leo wanakwenda. Huyu aliniuliza jina la baba, na jina la baba wa baba, akawauliza wazee wawili, halafu akaleta uzi wake wa kujengea, ule wa kunyooshea matofali. Akafunga ncha moja kwenye jiwe, akaushusha uzi mpaka chini kwenye migomba, akasema upande huu wako, upande huu wetu. Juu ya mstari ule akapanda miyenzi iwe ua. Nusu ya uwanja akaitoa kwa mkono wake mwenyewe, na mke wake akiwa amesimama pale anamtazama kama mtu anayekatwa mguu.

Mke yule hakunisalimia miaka miwili. Simlaumu. Siku moja mbuzi wake akaingia kwangu akala maharage yangu yote, nikamshika kamba kumrudisha, nimeshajiandaa kwa vita. Mwanamke akatoka, akatutazama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Kumbe mbuzi alikuwa amevaa kilemba changu kwenye pembe moja. Kuanzia hapo akawa ananiita mke mwenza. "Tumeolewa na uwanja mmoja," akasema, "basi wewe ni mke mwenza wangu." Na mume wake akawa ananiita shemeji. Kwenye miyenzi tukaacha mwanya wa kupita mtu mmoja, na mwanya ule ulipitwa kuliko barabara.

Sasa kuna jambo la kinywaji, lazima nilieleze. Huku kwetu humpi mtu kinywaji hivi hivi. Mwenye nyumba anachukua mrija kwanza, anavuta funda moja mbele ya mgeni, anameza, ndipo anampa. Kirundi wanasema gusogongera. Maana yake, kama kuna kitu humu, tufe wote. Nilipofika kutoka Tanzania nilidhani ni uchoyo, mtu anakupa kinywaji akishakipunguza. Mke mwenza wangu ndiye aliyenifundisha. Akaniambia hata mtoto wako wa kumzaa, akishaoa, akija kwako unaonja kwanza. Nikajifunza, nikawa sisahau.

Mpaka Jumapili ile.

Shefu alikuja baada ya misa, kwenye mwanya, na viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Mimi nilikuwa nakamua mutobe, ile juisi ya ndizi, na mikono ilikuwa imejaa ndizi na majani ya kukamulia mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji, nina kiu ya ng'ombe."

"Dumu liko mlangoni, kibuyu kiko juu yake. Jimiminie, mimi si unaniona nilivyo?"

Akamimina, akanywa. Akamimina tena. Akasema leo umekolea. Tuliongea juu ya bomba la maji lililokauka, na juu ya mtu na kaka yake waliokuwa wanagombania ng'ombe mmoja, akasema atawapatanisha Alhamisi. Kabla hajaondoka akashika kichwa. "Tangu jana kinanigonga kama nyundo." Nikamwambia kalale. Akapita kwenye mwanya.

Jumanne asubuhi alianguka shambani. Hospitali walisema presha, mshipa wa kichwani umepasuka. Alhamisi, siku ya kuwapatanisha wale ndugu, ndiyo tulimzika. Na wale ndugu wawili walishika jeneza upande mmoja, sijui kama waliona.

Kwenye matanga nilipika, nilichota maji, nilifanya yote ambayo mke mwenza hufanya. Siku ya tatu, mchana, shangazi wa marehemu, mama mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akauliza mbele ya watu, "Mwanangu alikunywa wapi mara ya mwisho?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua kunyamaza. Nikasema, "Kwangu. Jumapili. Mutobe."

"Nani alionja?"

"Hakuna aliyeonja. Alijimiminia mwenyewe."

Hapo ndipo niliposikia neno langu, likiwa limeshatoka. Waliokuwa wanakunywa wakaweka vikombe chini.  Mke mwenza wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa. Aliinua macho mara moja, akanitazama, akayashusha. Kutazama kule nimekubeba mwaka mzima. Maneno ya shangazi niliyazoea, lakini macho yale sikuyazoea.

Baada ya siku za mwanzo za matanga, mtoto wa kiume wa mke mwenza wangu, mwalimu kule Gitega, alikuja kumchukua akakae kwake mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga kabisa, ambayo kwa kawaida huja mwaka ukikaribia kuisha. Aliondoka mapema, na mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi nikakuta mbuzi wake amefungwa kwenye miyenzi upande wangu. Sikuelewa kama ameniachia kwa kuniamini au kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Nilimlisha tu.

Baraza likabaki na watu wanne. Wa pili kwa kura akapanda akawa shefu, wengine wakasogea, na pale mwisho wa benchi pakabaki wazi. Baraza letu lilikuwa linakaa barazani kwa Mhindi mwenye duka la sukari na misumari. Tunamwita Mhindi ingawa Uhindini hajafika, yeye na baba yake wote wamezaliwa hapahapa, na Kirundi chake kimenyooka kuliko changu. Kila Alhamisi nilipita pale nikaona watu wanne wamekaa wakiwa wamebanana upande mmoja, kama vile wa tano ametoka kidogo atarudi. Hakuna aliyeamriwa kupaacha. Walipaacha tu.

Halafu, mwezi wa kuganduka ukiwa umeanza, watu wa komini, ofisi ya serikali iliyo juu ya karitiye zetu, wakaniita. Komini wanachelewa lakini hawasahau. Katibu, kijana mwenye miwani, akanivutia kiti, akaniita mukecuru, yaani mama mzee.

"Bon, mukecuru, kaa. Kiti moja iko wazi tangu mwaka jana. Sheria iko inasema, kiti ya mtu aliyechaguliwa ikibaki wazi, anayefuata kwa kura anaingia. Anayefuata ni we."

"Na nikikataa?"

"Tunaita wa saba."

Wa saba nilimjua. Ni mtu wa kuuza viwanja, angeweza kuuza hata kivuli chako ukiwa umesimama. Nikasema, "Nipe muda waondoe matanga kwanza."

"Komini haina matanga, mukecuru." Halafu akanitazama, akavua miwani, akaipangusa. "Mais bon. Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Ukuje useme ndiyo, ama ulete barua ya kukataa."

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuganduka.

Nikapita dukani kununua chumvi. Mhindi akanipimia, akaiweka chumvi mbele yangu, asiachie mfuko.

"Mama, mi niko nakupenda, ndiyo maana nakuambia. Watu wananunua sukari, wanaacha maneno juu ya meza yangu."

"Maneno gani?"

"Ati spea imetoboa tairi."

Nilikaa pale pale kwenye benchi lao, na bila kujua nikawa nimekaa pale mwisho, pale pa wazi. Nilipogundua nikaruka kama niliyekalia moto.

Nitawaambia ukweli. Kiti chenyewe nilikitaka. Nilikitaka tangu siku ya kura, si kwa ukubwa, hakuna mshahara wala gari, ni kusikiliza watu wakilia juu ya kuku. Lakini mtu aliyerudi na godoro, watu wakimwandika kwa mikono yao awasikilize, huyo amefika kweli nyumbani. Nilikitaka. Ila nikafikiri, nilishachukua nusu ya uwanja wa yule mwanamke. Sasa nichukue na nafasi ya mume wake, huku anafikiri ni mimi niliyeifanya iwe wazi? Hapana. Kama yeye hanyweshwi na mkono wangu, mimi sikai.

Nikakamua mutobe, nikajaza dumu dogo, nikaenda Gitega. Mafuta yalikuwa hayapatikani siku zile, nilingoja gari tangu asubuhi, nikapita Karuzi mchana, dumu limekaa mapajani kama mtoto. Nikashuka, nikauliza mtaa wa Mushasha, nikafuata kengele ya kanisa na wanafunzi wenye sare mpaka nyumba za walimu.

Alikuwa mlangoni. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Mke mwenza," akasema, "umekuja kwa miguu au kwa mafuta?"

"Kwa mafuta ya kuomba Mungu."

Akacheka kidogo. Tukakaa ndani, chini ya picha ya Bikira Maria na ratiba ya shule. Dumu nikaliweka katikati yetu. Nikamwambia, "Komini wameniita."

"Nimesikia. Unadhani Gitega hakuna masikio?"

"Sijawajibu."

 Nikatoa kibuyu kwenye kikapu, nikamimina, nikachukua mrija ili nionje. Nilitaka aone ninavyomeza. Lakini kabla mrija haujafika mdomoni alinishika mkono.

"Acha. Rudisha kwenye dumu."

"Huna kiu?"

"Huku sinywi. Rudisha, na dumu urudi nalo. Jumamosi nakuja." Halafu akauliza, kama mtu anayefunga mlango polepole, "Mbuzi wangu yuko mzima?"

Nikasema yuko mzima. Nikamjibu yote aliyouliza, ya mihogo, ya paa linalovuja, nikajibu kama mtu aliye mbele ya katibu. Akanisindikiza mpaka barabarani. Kwenye gari nililia njia nzima, na baba mmoja pembeni yangu akanipa karanga, akasema, "Pole, mama, mmezika nani?" Sikujua nimjibu nini, nikala karanga.

Ijumaa nikaenda kwa Mhindi. Nikamwambia niandikie barua ya kwenda komini.

"Niandike nini?"

"Andika, mimi niliyekuwa wa sita sitaki kuwa wa tano."

Akaweka kalamu chini. "Mama. Ndiyo hivyo niandike?"

"Ndiyo hivyo."

Akaandika. Nikaikunja, nikaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Jumamosi watu walijaa upande wa kwao mpaka wakasukuma miyenzi. Mke mwenza wangu alifika na mtoto wake, wamevaa vizuri. Padri akasali, watu wakazungumza, wale ndugu wawili wa ng'ombe wakasema marehemu aliwapatanisha kwa kufa, watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye vyungu, nasugua sufuria ambayo haikuwa na masizi. Barua ilikuwa kiunoni.

Halafu nikasikia sauti yake. "Mke mwenza wangu yuko wapi?"

Watu wakageuka, wakaniona.

"Leta mutobe. Wa kwako. Nina kiu."

Nilipita kwenye mwanya. Mutobe ulikuwepo, nilikuwa nimekamua mwingine Alhamisi, sijui kwa nini, mikono ina mazoea yake. Nikarudi na kibuyu na mrija. Shangazi alikuwa amekaa mbele kabisa. Nikapiga goti, nikaupeleka mrija mdomoni kuonja.

Akaninyang'anya kibuyu. Mrija akautoa, akautupa kando. Akanywa kwa midomo yake kwenye ukingo wa kibuyu, bila mtu kuonja, kichwa nyuma, koo linapanda na kushuka, sote tunatazama koo lile. Akamaliza. Akapangusa midomo kwa mkono.

"Una maji mengi," akasema.

Mtu mmoja akacheka, halafu akaogopa akanyamaza.

"Alikuja Mushasha kuninywesha, nikakataa," akawaambia watu. "Kule angeniona nani? Masista? Nilitaka mnione nyinyi." Akashusha pumzi. "Na sitawadanganya. Wiki ya kwanza niliwaza vibaya. Niliwaza hapahapa, kwenye mkeka, basi namwomba radhi hapahapa. Halafu kule Gitega nikafungua koti la mume wangu nilifue. Vidonge vya presha, vyote, mfukoni. Kila asubuhi nampa, kila asubuhi ananiambia nimeshameza. Mnamjua alivyokuwa mbishi. Alinyoosha kuta za watu mji mzima, kumeza kidonge kikamshinda."

Watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Yeye mwenyewe akacheka, halafu akanishika bega. Kibuyu akampa shangazi. Shangazi akakitazama, akanitazama, akasema kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Jaza basi, hiki si kitupu?" Nikajaza. Nikataka kuonja. "Wewe," akasema, "utamaliza kinywaji cha watu." Akanywa.

Jioni, walipokwenda, tulikuwa tunaosha vyungu, wawili tu. Nilimwambia kuhusu barua. Akaidai. Akaifungua, akaisogeza karibu na macho, akasoma polepole, maana naye shule yake ni kama yangu.

"Aliyeandika hii ni nani?"

"Mhindi. Maneno ni yangu."

"Maneno ya mjinga," akasema. Dumu la mutobe lilikuwa limepoteza kifuniko, akaikunja barua mara nne akaliziba nayo.

Jumatatu nilikwenda komini mikono mitupu, nikainua mkono nikaapa, katibu akanipongeza kwa Kifaransa chake, félicitations, mukecuru. Alhamisi nikafika barazani kwa Mhindi. Wale wanne walikuwa wamekaa wamebanana kama kawaida yao. Hakuna aliyesogea, nafasi ilikuwepo. Nikakaa.

Mke mwenza wangu hakurudi Gitega. Jumapili baada ya misa anapita kwenye mwanya, viatu mkononi kukiwa na tope, ananikuta nimejaa ndizi mpaka kwenye viwiko. Namwambia ngoja ninawe, nionje. Hangoji. Nikinyoosha mkono kuchukua mrija ananipiga kwenye vidole, anajimiminia mwenyewe, anakunywa, na kila Jumapili anasema una maji.